Nilisema "mwekee dawa", mwanangu akarudi na relaxer kichwani

Heshima kwenu wakuu, hasa nyie mnaolea watoto wa kike. Haya yamenikuta mwenyewe likizo hii na sijaongeza chumvi. Hasira bado ninayo, kwa hiyo mnivumilie.

Wale mnaoona nywele ni mambo madogo, piteni tu.

Naishi Mbeya, nina duka la vitenge Mwanjelwa. Binti yangu ana miaka minane. Nywele zake ni natural, hazijawahi kuguswa na relaxer, ile ya kulainisha ambayo saluni wanaiita dawa, tangu azaliwe. Kila Jumapili namkalisha kwenye mkeka, nazilowesha, nachambua na chanuo pana kuanzia nchani, napaka mafuta ya nyonyo, kisha namsuka. Mara nyingi namsuka uzi, ule uzi mweusi wa bibi zetu, maana unanyoosha nywele bila moto.

Zilikuwa zimefika mabegani ukizivuta. Alikuwa anawaringia nazo wenzake mpaka nacheka.

Shule yao wanaruhusu kusuka, ila nywele za asili tu. Ukiweka dawa, unanyoa. Hakuna mjadala.

Basi, likizo akaenda Iringa kwa shangazi yake, dada wa mume wangu. Kichwa kilikuwa kimeanza mba, anajikuna hadi vidonda. Nikamfungia kwenye begi kichupa cha dawa ya mba tuliyopewa hospitali, na wifi nikamwambia kwenye simu.

Siku tatu kabla ya kurudi, wifi akapiga. Nilikuwa napima kitenge, wateja wawili wananisubiri.

"Kamwene wifi! Tuko saluni huku, nataka arudi kapendeza. Ila kichwa hiki, mh! Dada msusi anauliza, tumwekee dawa?"

Akili yangu yote iko kwenye kile kichupa.

"Mwekee dawa tu wifi, anateseka. Ndaga fijo."

Nilimshukuru, wakuu! Kwa Kinyakyusa kabisa! Nikakata simu, nikaendelea na vitenge vyangu.

Mtoto akashuka kwenye basi na rasta za nywele bandia hadi kiunoni, zimebanwa mpaka nyusi zimepanda. Hachangamki. Anasema kichwa kinamuuma.

Kufika nyumbani nikaanza kufumua. Rasta ya kwanza ikatoka na nywele zake. Ya pili hivyo hivyo. Mbele, kwenye edges za paji la uso, ngozi imebabuka na ina vigaga. Zilizobaki zimelala laini kama za mdoli.

Nikampigia wifi. "Mmemfanya nini mtoto?"

"Si ulisema tumwekee dawa?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Mimi nilisema ya mba, wao wakasikia relaxer. Kichupa changu kilikuwa kwenye begi, hakijafunguliwa.

Nikaomba namba ya msusi, nikampigia. Unajua alinijibu nini?

"Dada, hapa ni saluni, siyo famasi. Mteja akisema dawa, ni dawa."

Jamani! Huyu mtu anajiita fundi! Ameshika kichwa cha mtoto wa miaka minane, ameona vidonda, akapaka relaxer, akaosha, akasuka rasta za kubana siku ile ile. Hata kama mama angeandika barua na kugonga muhuri, macho yako yanafanya kazi gani?

Na wifi naye. Mtoto analia inaunguza, anaambiwa vumilia upendeze. Sijaongea naye mpaka leo, na mume wangu anasema nimezidisha. Sijazidisha.

Mimi pia sijitoi. Ningeuliza tu "dawa ipi?", yote haya yasingetokea.

Vidonda tumevitibu. Shule ilikuwa inafungua Jumatatu, kwa hiyo Jumapili nikamkalisha kwenye mkeka ule ule, safari hii na mkasi. Hakulia. Alikuwa anaokota nywele anaziweka mapajani.

Halafu akaniuliza, "Mama, dada wa saluni alisema nywele zangu zinaumwa, ndiyo maana zinapewa dawa. Zikiota tena zitakuwa zimepona?"

Wakuu, niliuweka mkasi chini.

Miaka yote hii nasema "dawa" kama watu wote, sijawahi kujiuliza tunatibu nini. Nywele zikiota kama Mungu alivyozipanga, tunazitafutia dawa! Nani alituambia ni ugonjwa?

Kuanzia siku hiyo, kwangu relaxer inaitwa relaxer. Na ukimpeleka mtoto kwa msusi, nenda mwenyewe, usimalizane kwa simu. Kichwa chenye vidonda kisisukwe kabisa, kipone kwanza.

Nilimwambia mwanangu nywele zake hazikuwa zinaumwa. Akapapasa kichwa chake kisicho na nywele, akaniuliza, "Sasa kwa nini umezikata?"

Nyie mngemjibu nini? Niandikieni hapa chini, maana ananiuliza kila nikimpaka mafuta.