Hodi kwa Viboko

Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika watoto walipokuwa wameshaingia darasani, na jua lililofuata lilikuwa la kuunguza. Njia ya kutoka Kasongo iligeuka matope matupu, ndiyo maana ajenti wa mazingira alifika Nyangwe akiwa amechelewa, suruali imeloa hadi magotini, na mtu aliyemleta kwa pikipiki akikilaani kila kilima walichopanda.

Iliasi Hemedi alikuwa barzani kwa chifu tangu mvua haijakatika. Alivaa kanzu yake ya Ijumaa. Mkewe, Feza, alimcheka alipokuwa akitoka: "Unaenda kuoa?" Naye akajibu, "Ninaenda kuiaga dragi." Moyoni mwake shauri lilikuwa limekwisha kabla halijaanza.

Shauri lenyewe lilikuwa hili. Kiangazi kilipoanza, mashine ya dragi ililetwa kwenye mto Lualaba, juu kidogo ya kivuko, ili ifyonze mchanga wa chini ya maji na kuuchuja kupata dhahabu. Serikali iliipa kibali, lakini kibali chenye masharti, kwa sababu mahali pale kuna kina cha maji matulivu wanamokaa viboko. Mashine isiwasumbue. Mtu wa hapo hapo aajiriwe kuwatazama, na akiinua mkono, injini izimwe. Na ikitokea viboko wakahama, kazi isimame, habari ipelekwe serikalini, na serikali ije iulize ni nani aliyewafukuza.

Mwisho wa Septemba viboko walihama. Walishuka hadi kwenye mpunga wa watu, wakaulalia. Sasa serikali ilikuwa imekuja kuuliza, na yeyote ambaye angeonekana kuwa ndiye, angeondolewa kwenye kina kile: dragi au wavushaji. Maana mitumbwi yote ya kivuko hukatiza ukingoni mwa kina hicho. Ndipo mto ulipo mpole. Ukishuka zaidi, chini ya kina, maji hukimbia, na mtu mwenye mzigo havuki huko bila kumtaja Mungu.

Iliasi alizaliwa karibu na maji kiasi kwamba mama yake aliosha vyombo huku akimwona mlangoni. Baba yake, Mzee Hemedi, alikuwa mvushaji, na katika nyumba ile mtoto alishika kafi kabla ya kujua alifu. Ujanani Iliasi alijaribu kuuza chumvi na sabuni sokoni Kasongo, lakini alichoka kukaa mahali pamoja akitazama watu wakipita. Akarudi mtoni. Akaoa binti wa wakulima wa huko Wamaza, huyo Feza, ambaye mpaka leo hajakanyaga mtumbwi wa mumewe. Akitaka kumsalimu rafiki yake wa ng'ambo, husimama ukingoni na kupiga kelele, na rafiki hujibu kwa kelele, na mji mzima hujua habari za nyumba zote mbili.

Lakini huwezi kumsimulia Iliasi bila kumsimulia Djuma. Walitahiriwa siku moja na kulala jandoni mkeka mmoja. Djuma hakuwa na baba, basi Mzee Hemedi alimchukua na kumpa kafi kama alivyompa mwanawe. Wakawa wawili katika mtumbwi mmoja: Iliasi nyuma akiongoza, Djuma mbele. Na anayekaa mbele ndiye anayepiga hodi.

Hiyo ni desturi ya wavushaji wa pale. Mtumbwi ukikaribia kina, wa mbele hugonga ubavu wake kwa mpini wa kafi, mara mbili polepole, mara moja kwa nguvu, halafu wote hunyamaza, hata abiria. Viboko husikia. Huyu huzama, yule husogea, mmoja hukoroma. "Wameitika," husema wavushaji, na mtumbwi hupita. Mzee Hemedi alikuwa akisema kiboko hamchukii mtu, anachukia kushtukizwa.

Djuma alimwoa Chadia, wakapata watoto, na kivuko kikawa hakitoshi nyumba mbili. Akaenda Lusangi kwenye mashimo ya dhahabu. Shimo moja lilimwangukia. Walimfukua akiwa hai, lakini tangu siku hiyo hakupenda tena kuingia hata katika nyumba yenye paa la chini. Aliporudi Nyangwe alirudi pamoja na watu wa dragi, na kwa kuwa alikuwa mwenyeji, wao wakampa ile kazi ya kuwatazama viboko na kuinua mkono. Iliasi alichinja kuku. "Viboko wako mikononi mwa mtoto wa nyumbani," aliwaambia wavushaji wenzake.

Mwanzoni mkono ulikuwa ukiinuka. Mtumbwi ukija, injini inazimwa. Kiboko mwenye mtoto akitokeza, injini inazimwa. Baadaye mkono ukawa mzito. Iliasi aliona, akajiambia kwamba mwenzake ana wakubwa wake, na mwenye wakubwa huwa na haya ya kuinua mkono kila saa. Jumapili kabla ya shauri alikwenda kwake. "Siku ya shauri utasema?" alimuuliza. Djuma, ambaye tangu jandoni humwita kaka, akamjibu, "Yaya, nitasema ninachokijua." Iliasi akarudi nyumbani akiimba.

Ajenti aliitwa Mama Estelle. Aliomba maji ya kuosha miguu, akasalimu wazee mmoja mmoja, kisha akaeleza sheria bila kupandisha sauti. Sheria, alisema, inawalinda wanyama wa majini wanaonyonyesha. Mtu yeyote anayefanya kazi inayoweza kuwasumbua lazima awe na kibali, na akishawasumbua, atoe ripoti.

"Mama," aliuliza mzee mmoja, "na kambale je?"

"Kambale ananyonyesha, baba?"

"Hapana. Lakini iko na ndevu, pengine ni mume wa mwenye kunyonyesha."

Watu walicheka, na Mama Estelle pia. Iliasi alicheka kuliko wote. Kisha ajenti akamwita mtazamaji wa viboko aseme alichokiona.

Djuma alisimama. Hakumtazama Iliasi. Alisema injini ya dragi ina sauti moja, kama mvua. Mnyama huizoea, hata hulala. Alisema siku nyingi aliwaona viboko wametulia kabisa injini ikinguruma.

"Sasa kilichowafukuza ni kitu gani?" aliuliza ajenti.

"Nilichoona kikiwaondoa ni mitumbwi, mama."

Mtu mmoja nyuma alisema, "Huyu amelewa?" na mwingine, "Mwache amalize."

"Wavushaji wanagonga mitumbwi," Djuma aliendelea. "Kwa makusudi. Kila wakipita. Asubuhi, mchana, siku ya soko ndiyo usiseme. Viboko wakisikia, wanaondoka."

"Wanagonga namna gani?"

Djuma aliinama na kugonga meza ya chifu kwa kifundo cha kidole. Mara mbili polepole, mara moja kwa nguvu. Aligonga vizuri sana, kwa kipimo kile kile ambacho Mzee Hemedi alimfundisha akimshika mkono, na Iliasi akajikuta amenyamaza, kama wanavyonyamaza kwenye mtumbwi.

"Baba Iliasi," alisema ajenti. "Ni kweli munagonga?"

Angeweza kukana. Wavushaji wengine walikuwa wakimkonyeza akane. Lakini haikumjia kwamba hilo ni jambo la kukanwa.

"Tunapiga hodi, mama," alisema. "Mutu anaingia kwa mwenzake bila hodi?"

Watu walicheka tena, kicheko cha kumuunga mkono.

"Munapiga hodi kwa nini?"

"Wajue kama tunakuja."

"Na wakijua, wanafanya nini?"

"Wanasogea. Tunapita."

"Wanasogea," alirudia Mama Estelle taratibu, kama mtu anayeweka sahani mezani. "Baba, hiyo ndiyo sheria inaita kusumbua. Mnyama alikuwa ametulia, wewe ukafanya jambo, yeye akaondoka. Mashine ile ina kibali. Wewe uko na kibali cha kugonga?"

"Cha kugonga mtumbwi wangu?"

"Cha kuwasogeza viboko."

Iliasi alimgeukia Djuma, akingoja. Aliamini bado, hata wakati huo, kwamba mwenzake angefungua kinywa na kueleza: kwamba hodi ni ya kale na viboko hawakuhama kwa ajili yake miaka yote hiyo; kwamba walihama baada ya mashine kuja. Neno moja tu kutoka kwa mtazamaji lingetosha. Djuma alikuwa akifuta matope ya kiatu kwa kijiti.

"Djuma," Iliasi alisema, "waambie ni nani alikuwa anapiga hodi mbele yangu."

"Nilifundishwa nikiwa mutoto," Djuma alijibu. "Sikujua sheria."

Ajenti hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza wavushaji wote waliotaka kusema, lakini kila mmoja alisema analolijua, nalo lilikuwa lile lile: tunagonga, wanasogea. Aliamua dragi ipewe onyo, ipunguze saa za kazi na iendelee kutoa ripoti. Wavushaji wasipite tena kwenye kina mpaka wapate kibali chao. Wakiomba, alisema, yeye mwenyewe atalisukuma ombi. Lakini kibali hakitolewi kwa siku moja, na kinatoka mbali.

Watu walipotawanyika, Djuma alimfuata Iliasi hadi ukingoni.

"Yaya, usikasirike. Mimi naweza kukutengenezea. Dragi inahitaji mutu wa kuvusha wafanyakazi, na kibali chao kinafunika mitumbwi yao. Utapita kwenye kina kama zamani."

"Na wale wengine?"

"Wale wengine wataona njia yao."

"Mbele atakaa nani? Wewe?"

"Wangefunga dragi," Djuma alisema. "Nimesimama pale, naona kabisa wanafunga. Mimi nirudi Lusangi? Nirudi mule ndani ya shimo? Mimi niko na watoto."

"Na mimi niko na nini? Mbuzi?"

"Sikusema uongo, yaya. Sema ni neno gani la uongo nimesema."

Iliasi alilitafuta. Na hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye alipomsimulia mkewe: kwamba hakulipata. Kila alichosema Djuma juu ya hodi kilikuwa kweli, na vyote alivipata nyumbani kwa Mzee Hemedi.

"Nenda," alimwambia. "Injini yako inakungoja."

Feza alikuwa amepika sombe ya majani ya muhogo na samaki. Alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akasema, "Kuku tuliyemchinjia Djuma alikuwa jike la mayai. Nilikwambia umchinje jogoo." Akaondoa sahani ambayo mumewe hakuigusa, akaifunika, akaiweka mahali ambapo angeiona akiamka.

Asubuhi Iliasi alikula samaki yule wa jana, akachukua panga na kushuka mpaka chini ya kina, mahali ambapo maji hukimbia. Hapakuwa na gati wala njia. Alifyeka matete, akachimba ngazi katika udongo wa ukingo, akatandika magogo ili watu wasizame miguu. Jua lilipokuwa juu ya miti alikuwa amepata mahali pa kuegesha mtumbwi mmoja, na wavushaji wawili walikuwa wamekuja kumsaidia bila kuitwa.

Abiria wa kwanza kushuka alikuwa Chadia, mke wa Djuma, na kapu la mihogo kichwani, akienda soko la ng'ambo. Alisimama juu ya ngazi kana kwamba hakujua kama ameruhusiwa. Iliasi alipanda, akampokea kapu, akalifunga katikati ya mtumbwi kwa kamba mbili kwa sababu ya mkondo. Alimsalimu. Alimuuliza habari za usiku, za watoto, za yule mdogo mwenye homa, za mama mkwe na mguu wake. Chadia aliitikia kila habari, kisha akangoja ile iliyobaki, ya mumewe.

Iliasi aliinama, akaushika mtumbwi usiyumbe, akamwambia aingie.