Nilivyomfukuza Baba Somoe kwa Kosa la Ndimu

Mimi ni kungwi. Mabinti wakichezwa unyago, mimi ndiye huwafundisha usafi. Basi nilipoanza kutokwa na majimaji yenye harufu ya samaki, sikuuliza mtu. Nilimtupia mume wangu nguo nje na kuwatangazia majirani kwamba ameniletea ugonjwa. Akaenda kwao Chiwata.

Juzi alirudi na mama yake, tukaenda wote hospitali. Nesi akanichukua majimaji ukeni kwa pamba, yakapimwa kwa darubini. Mimi nasubiri tu mwanaume aumbuke!

Nesi akaniita nyuma ya pazia.

"Mama Somoe, bakteria wazuri wanaokulinda wamepungua mno, wengine wamejaa. Hali hii humpata hata ambaye mumewe hajatoka nje ya ndoa. Ndani unajisafisha na nini?"

"Sabuni na ndimu," nikajibu kwa maringo. "Nusu ya wanawake hapa nimewafundisha mimi."

"Jamani, mama! Hivyo ndivyo vinavyowaua hao wazuri."

Pazia lenyewe khanga tu, na benchi zima nje lilikuwa limetega masikio. Kisha nikamsikia mamamkwe akimwambia mwanawe: "Karudishe nguo zako nyumbani, baba. Mimi namsubiri hapa huyu mwalimu wa usafi."