Sindano ya Walter

Tangu lini mtu akaumwa mgongo, akatibiwa, halafu mkono ndio ukaoza? Mwaka huo wa 1996 Irine alijiuliza hivyo kila alipofungua kitambaa cha kidonda. Kazi yake kule machimboni Osiri ilikuwa kuponda mawe ya dhahabu kwa nyundo kutwa nzima, na mgongo ulikuwa umekwisha. Walter, mtoto wa mama yake mdogo, aliyewahi kufagia wodi akajiona daktari, ndiye aliyemletea sindano. Ya kwanza ilimpa usingizi mtamu. Baada ya miezi mitatu hakuweza kushika nyundo bila kudungwa.

Vidonda vilipotokea mkononi, vyeusi pembeni na vibichi katikati, Walter alitikisa kichwa kwa huruma.

"Nyaminwa, dada yangu, hii ni chira. Si uliniambia ulipanda mahindi kabla ya mikayi? Hiyo laana ndiyo inakukula."

Irine aliingiwa na baridi. Ni kweli alikuwa amepanda kabla ya Filister, mke mkubwa, kinyume cha mila, na siri hiyo alimwambia Walter peke yake. Basi akaenda kumpigia magoti mke mwenza ambaye hawakuwa wakisalimiana, akakiri mbele ya ukoo mzima, akanywa dawa chungu ya kutakaswa. Watu walimcheka mpaka sokoni. Vidonda vikazidi kuchimba.

Filister ndiye aliyeviosha. Akavitazama kimoja kimoja.

"Mbona hii chira inafuata tu mahali Walter anadunga?"

Akamkokota mpaka zahanati. Huko wakaambiwa kwamba dawa ile ni vidonge vya maumivu vya wizi, vya kulevya, vimesagwa na kukorogwa na maji machafu. Akidungwa tena, atakatwa mkono.

Kesho yake asubuhi Walter akaja, mfuko kwapani, anatabasamu.

"Wewe ulijua?" Irine akamuuliza.

"Ningekuambia ungeacha. Na mimi ningekula nini?"

Alisema hivyo bila hata kuinamisha macho. Huyu Irine alimwamini kuliko mumewe. Akamtukana, akamtukania mpaka waliomzaa, hadi sauti ikakauka. Kisha mwili ukaanza kumtetemeka, jasho likamtoka, na huku akilia akamnyooshea ule mkono mwingine, uliokuwa bado mzima.