Mita Tano za Bi Mwamvita

Kisa hiki hamtakisadiki, wala sitawalaumu: mpwa wangu Anwar, mwanamume mzima, mchora ramani wa ofisi moja Kinondoni, alitetemeshwa na mstari mwembamba kuliko uzi wa cherehani.

Mwaka tisini na saba ofisi yao ilinunua kompyuta ya kuchorea viwanja. Anwar, aliyezoea meza na rula, akaringa nayo kama kaoa. Kazi yenyewe nyepesi: unabonyeza mpaka wa kiwanja, unaandika mita tano, mashine inakuchorea mstari ambao nyumba hairuhusiwi kuuvuka kusogelea barabara. Akamchorea hivyo Bi Mwamvita wa Tegeta, mjane aliyekusanya tofali moja moja miaka sita. Ramani ikapitishwa.

Asubuhi moja akaifungua tena, asahihishe jina tu. Kwenye kioo, mbele ya kiwanja, ilikuwepo mistari miwili: mmoja mpaka wenye mawe ya serikali, mwingine ua wa michongoma. Yeye alipimia michongoma! Na Tegeta nani asiyejua? Kila mtu hupanda ua wake mita mbili ndani ya barabara, apate pa kuanikia nguo. Basi ukuta wa mjane uko mita mbili palipokatazwa. Na mkaguzi wa jiji anakwenda siku hiyohiyo, saa nne, na kopo lake la rangi nyekundu. Akishaandika X, ni tingatinga.

Akadandia daladala hadi Tegeta. Alipofika, kuta zilishafika kwenye linta, juu ya milango, fundi Marijani yuko juu ya jukwaa lake la mbao, na mkaguzi kasimama mbele ya ukuta na mwenye nyumba.

"Shikamoo, Bi Mwamvita," Anwar akasema. "Ile ramani..."

"Marahaba, baba. Nimeitia kwenye fremu! Mbona umepauka kama unga wa muhogo?"

Amwambie?

"Wewe ndiye mchoraji?" mkaguzi akauliza. "Njoo ushike futi kamba."

Anwar akashika ncha ukutani. Mkaguzi akarudi kinyumenyume, akafukua majani kwa kiatu, akalipata jiwe la mpaka. Akainama kusoma. Akakaa hivyohivyo, kainama. Anwar akafumba macho.

"Mita tano na vidole viwili."

"Ngapi?"

Fundi Marijani akacheka juu ya jukwaa. "Braza, ulidhani nitapimia michongoma? Niliipanda mie hiyo, naujua wizi wake. Ramani yako imeandika tano, mie nikahesabu tano toka kwenye jiwe."

Hapo mkaguzi akatupa kopo la rangi, akapiga magoti mchangani mbele ya Anwar, akalia, akasema tangu aajiriwe hajawahi kuona mchoraji mwenye jicho la...

"Mjomba, futa hapo!" Anwar ananikatiza, akisoma juu ya bega langu. "Mkaguzi alisaini, akaomba maji ya kunywa. Aliyepiga magoti ni mie."