Wigi la Siku za Uzazi

Wanasema kinyozi hajinyoi. Mdogo wangu msemo huo hakuwahi kuusikia, au aliusikia akaupuuza, kama anavyopuuza mengi ninayomwambia. Yeye ni msusi, na kichwa chake ndicho kibao cha biashara. Kila Jumatatu anavaa wigi jipya, wateja wanalisifia wiki nzima, Jumamosi analiweka kwenye kichwa cha plastiki rafuni lipate mnunuzi. Mimi, dada yake, ndiye mwosha nywele wa saluni hiyo. Sikumbuki mteja hata mmoja aliyewahi kuona nywele halisi za mdogo wangu.

Binti yake alipozaliwa tulimwita Bosi, maana akikohoa tu watu wazima wote chumbani wanasimama. Siku hizo za uzazi mdogo wangu alikuwa na wigi fupi jeusi, nywele za mbele zimekatwa sawasawa juu ya nyusi. Alinyonyesha nalo mwezi na nusu. Kisha akarudi kazini, akavaa la rangi ya shaba, na lile jeusi likapanda rafuni. Bosi tukamtandikia kigodoro chake palepale chini ya rafu.

Alipofikisha miezi miwili akaanza kutabasamu. Tungefurahi, kama angekuwa anatutazama sisi! Alikuwa anatazama juu, kwenye kile kichwa cha plastiki kisicho na macho wala mdomo. Anatabasamu, anatoa vile visauti vyao, halafu ananyamaza kidogo, kama mtu anayejibiwa. Kisha anaendelea. Mama yake akimwinamia na nywele zake za shaba, mtoto anamkodolea paji la uso, kimya, halafu macho yanamkwepa yakatafute rafu. Mteja mmoja aliondoka na povu kichwani, akisema mtoto huyo anaongea na wasioonekana.

"Dada," mdogo wangu aliniuliza, "mtoto anaweza kumkataa mama yake?"

"Acha upuuzi. Twende kliniki."

Nesi alitusikiliza, akacheka. Mtoto mchanga haoni vizuri mbali, alisema. Kwanza anashika umbo la uso, hasa pale nywele zinapokutana na paji. Macho, pua na mdomo anavizoea polepole. "Kaa naye karibu, mama, kichwa wazi. Atakuzoea tu."

Kichwa wazi! Hapo ndipo penye kidonda. Baada ya uzazi nywele za mdogo wangu zilinyonyoka, kichwa kikabaki mabaka mabaka. Tuliporudi saluni hakuvua chochote mbele ya mtoto. Alipanda kiti, akalishusha lile wigi jeusi, akaingia nalo chooni, akatoka amelivaa. Bosi alimtazama, akatabasamu mpaka ufizi wote ukaonekana. Mama yake alilia kwa furaha, na mimi, naona aibu kusema, nililia naye.

Hakulivua tena. Alilala nalo. Alioga nalo, kalifunga mfuko wa plastiki. Likachakaa, likatimka kama paka aliyenyeshewa, na wateja wakaanza kumtania kwamba msusi wetu siku hizi hana msusi. Nikamwambia, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mtoto ana miezi minane sasa. Anakujua."

"Anamjua huyu," alijibu, akigusa zile nywele za mbele. "Mimi hajawahi kuniona."

Alisema kwa utulivu mno. Nikarudi kwenye masinki yangu.

Mchana mmoja, saluni haina mtu, uvumilivu ulinishinda. Alikuwa amesimama, amempakata Bosi. Nikaja kwa nyuma, nikalivuta wigi likatoka. Ndiyo, nilikosea, nitukaneni mkitaka.

Alifumba macho akisubiri kilio. Siku hizo Bosi alimlilia kila mgeni, hata msoma mita. Mtoto akaitazama ile ngozi tupu. Macho yake yakateremka taratibu, yakafika kwenye uso wa mama yake, yakakaa hapo. Kisha akampiga paji la uso kwa kiganja, paa, paa, akacheka, akajilaza kifuani pake.

"Umeona?" nilipiga kelele. "Umeona, mjinga wewe? Anakujua siku nyingi!"

Mdogo wangu akafumbua macho. Alicheka, machozi yanamtiririka, akamkumbatia mwanawe na kuzunguka naye. Mzunguko ukamfikisha mbele ya kioo kikubwa cha wateja. Humo ndani alisimama mwanamke mwenye mabaka kichwani, amembeba Bosi.

Kicheko kikakatika. Alirudi nyuma hatua moja, akamkazia macho yule mwanamke.

"Wewe nani?" alisema. "Nipe mtoto wangu."