Neno "Mchafu" Dirishani

Juzi, kwenye maabara moja ya Mji Mkongwe, kijana wa dirishani alimkabidhi mama mmoja majibu yake, akasema kwa sauti iliyotufikia sote tuliokaa benchini:

"Bi mkubwa, mkojo wako mchafu."

Mama alivuta mtandio mpaka mdomoni. "Mchafu vipi, mwanangu? Mie najitahirisha, na swala hainipiti."

"Chembe nyeupe zimepanda, na protini imeonekana. Kunywa dawa. Uchafu ukitoka, na protini itaondoka."

"Nirudi kupima?"

"Ukitaka." Na huku keshamwita mwengine.

Ukitaka! Chembe nyeupe za damu zikiwa nyingi kwenye mkojo, mara nyingi huonesha maambukizi, na maambukizi huweza kuleta protini. Lakini figo inayougua nayo huleta protini, na chembe hizo peke yake haziwezi kutwambia ni lipi kati ya mawili. Ndiyo maana mtu hupimwa tena akimaliza dawa: protini ikiwa bado ipo, figo ndizo za kuchunguzwa. Hilo ndilo mama alilostahiki kuambiwa, kwa sauti ya chini. Badala yake alipewa tusi, tena la bure, maana ugonjwa si uchafu.

Nilimfuata mlangoni nikamsihi arudi kupimwa. Hakunitazama. "Nshasikia, baba," alisema. "Na wote washasikia."

Marehemu mke wangu naye aliambiwa neno hilohilo, mbele za watu. Kwa aibu hakurudi kupimwa. Alizidisha kuoga tu, mpaka figo ziliposhindwa kazi.