Nyama Ambayo Koko Alikuwa Anakugawia

Siku ile ya kituo cha afya ninaikumbuka bado, mwanangu, na hasira haijanitoka. Usifikiri ninamukasirikia koko yako. Ninajikasirikia mimi.

Koko, mama ya papa yako, alitoka Nyangezi akaja kukaa na sisi hapa Bagira wakati ulikuwa unaanza kutembea. Kila siku ya nyama alichukua kipande chake akakiweka kwa sahani yako. "Mutoto akule, mimi nimeshiba." Nami nilijivuna kwa majirani: mama mukwe wangu iko na roho nzuri kuliko wenu wote! Bugali alimaliza. Lakini bugali nani anaitafuna? Unafinyanga, unachovya kwa muchuzi, unameza. Tungejuaje? Hapana, hapo ninajitetea. Tungeweza kujua.

Chai ilikuwa inamupalia. "Maman, kunywa pole pole, hakuna mutu anakukimbiza!" Tulicheka, na yeye akacheka, nguo yake ya kikwembe kwa mudomo. Maneno yake yakaanza kuwa mazito, nikasema ni uzee. Akakonda, nikasema ni uzee. Nilisoma mpaka nikapata diploma, lakini neno hilo moja lilinifunga macho.

Halafu nilimupeleka kituo cha afya, kwa sababu ya tension, presha ya damu, tu. Infirmière, mama muuguzi mumoja mukali, alisikia maneno yake mazito, akamuambia aseme "pa-ta-ka, pa-ta-ka" mbio mbio. Ulimi ukachoka upesi. Akamupa maji kidogo, akakohoa. Akanigeukia mimi:

— Nyama anakulaka?

— Anagawiaka mutoto, nilijibu kwa kiburi.

Akaweka biki yake ya kuandikia chini.

— Anagawia, ao hawezi kutafuna?

Koko aliangalia miguu yake, akaniambia mimi: "Meno inacheza tangu mwaka jana, binti yangu. Niliona haya. Mungesema nimekuja kuwa mutoto wa pili mu nyumba."

Infirmière alitueleza: mudomo wa muzee unaishiwa nguvu kidogo kidogo, kama vile miguu. Ukigundua mapema, meno yanatibiwa, ulimi unafundishwa mazoezi, chakula kinalainishwa, na nguvu inaweza kurudi. Sisi tulichelewa. Chakula kilikuwa kinaingia njia ya pumzi, na mapafu yakashikwa. Mvua za mwaka ule hazikuisha akiwa hai kati yetu.

Sasa nisikilize, mwanangu, maana sitaki ulie kama mimi. Heshima si kupokea tu kile muzee anakupa. Kaa naye akila, umuangalie. Anatafuna upande mumoja? Chai inamupalia? Mudomo unamukauka? Nguo zinamulegea? Muulize, tena bila kucheka. Mupeleke apimwe mudomo kama unavyomupeleka kupimwa tension, hata akikuambia haumwi. Wazee wanaficha, na sisi tunafurahi wakificha, kwa sababu inatupunguzia kazi. Huo ndio ukweli, na ni muchungu.

Mungu akupe macho ya kuona mapema na ulimi wa kuuliza bila kuaibisha. Wazee watakaokaa kwako wajisikie nyumbani, wakuambie yote, na miaka yao ikae mirefu mbele yako. Amina.